Fundi, Moto na Zinki

Nyumba nyingi za Bunda, Butiama na Musoma zimeezekwa kwa bati. Bati hilo ni chuma kilichopakwa zinki. Zinki hukinga chuma kisishike kutu.

Zinki huyeyuka upesi. Chuma huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1538. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 tu. Kwa hiyo ni rahisi kuisubu, yaani kuiyeyusha na kuimimina katika kalibu.

Viwandani huchanganya zinki na alumini kidogo, kama sehemu 4 katika 100. Kwa mchanganyiko huo hutengeneza kabureta, vitasa na vipuri vidogo vya mashine. Kipuri cha namna hiyo kikivunjika, usikichomelee kama chuma. Kitayeyuka chote mbele yako.

Je, fundi wa kijiji anaweza kusubu zinki? Anaweza, lakini ashike mambo matatu.

Kwanza, asichanganye na risasi. Chungu kilichoyeyushia chubwi za nyavu kisitumike. Risasi kidogo tu huharibu kazi. Kipuri hutoka kizuri, lakini baada ya muda huvimba, hupasuka na kumomonyoka.

Pili, kalibu na upawa viwe vikavu kabisa. Maji yakikutana na zinki ya moto hugeuka mvuke ghafla. Zinki huruka na kuunguza macho.

Tatu, ajihadhari na moshi mweupe. Moshi huo hutoka zinki ikizidi moto, au bati likichomelewa. Fundi aliyeuvuta hurudi nyumbani mzima. Usiku hutetemeka, hupata homa, hukohoa na kuumwa kichwa. Atasema, “Ni malaria.” Huenda si malaria, bali ni homa ya moshi wa zinki. Mara nyingi hupoa kwa siku moja au mbili. Hata hivyo, aende zahanati apimwe malaria, na amweleze mganga kazi aliyoifanya. Akishindwa kupumua vizuri, apelekwe upesi.

Basi, fanya kazi mahali pa wazi, upepo ukiwa mgongoni. Watoto wakae mbali.

Maswali
1. Kwa nini bati hupakwa zinki?
2. Risasi huharibuje kipuri cha zinki?
3. Fundi akipata homa usiku, amweleze nini mganga?
4. Zungumzeni darasani: mafundi wa kijiji chetu huchomelea bati wapi? Je, moshi hupata njia ya kutoka?