SOMO: KUCHAGUA RANGI YA KUDUMU KWA RIMU ZA ALOI

Madhumuni: Baada ya somo hili, katibu na wanachama waweze kupambanua rangi inayodumu na ile ya kupendeza macho tu, ili fedha za Chama zisipotee.

1. Chanzo cha uharibifu
Gari la Chama linaloshuka kutoka Kirua Vunjo hadi barabara ya Moshi–Himo hupigwa na kokoto, hukanyaga matope ya masika, na breki zake huzipasha rimu joto mteremko mzima. Aloi ya alumini haifanyi kutu nyekundu kama chuma. Kokoto ikitoboa rangi, unyevu hupenya, na unga mweupe hutambaa chini ya rangi iliyobaki mpaka ibanduke. Mkulima wa kahawa anajua kwamba buni isiyooshwa vizuri haiokolewi na jua la kichanjani. Vivyo hivyo, rangi mpya haiiokoi rimu isiyosafishwa.

2. Aina za rangi
(a) Rangi ya unga. Hupulizwa ikiwa kavu kwa nguvu ya umeme, kisha rimu huokwa katika tanuri kwa nyuzi 180 hadi 200 za Sentigredi, dakika 10 hadi 20. Hustahimili kokoto vizuri. Palipo na karakana yenye tanuri linalopimwa joto, hii ichaguliwe kwanza.
(b) Rangi ya kuchanganywa na kikaushio. Hii ni ya pili kwa uimara, ikitanguliwa na praima ya alumini. Mvuke wake hudhuru mapafu. Kitambaa cha puani hakimtoshi fundi.
(c) Rangi ya kopo la kupuliza. Ni rahisi kwa bei, lakini huchubuka upesi na petroli huweza kuilainisha.
(d) Kung'arisha bila rangi. Hupendeza, ila hudai kusuguliwa mara kwa mara.

3. Maandalizi
Tairi livuliwe na rimu ichunguzwe. Yenye ufa isipakwe rangi, bali iondolewe kazini. Rangi ya zamani itolewe kwa dawa au msasa, si kwa moto wa gesi, kwa kuwa joto kali hudhoofisha aloi. Makalio ya nati na uso unaokutana na habu visipakwe rangi nene: rangi hiyo ikisagika, nati hulegea, na nati iliyolegea mteremkoni huhatarisha maisha ya watu. Nati zikazwe tena baada ya kilometa 50 hadi 100.

4. Wajibu wa Bodi
Bodi ipate bei kwa maandishi kutoka kwa mafundi zaidi ya mmoja, ikague rimu kabla ya praima, na malipo ya mwisho yafuate ukaguzi. Bei ilinganishwe na miaka ambayo kazi inatazamiwa kudumu.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini rangi ya bei ndogo huweza kuwa ghali?
2. Ni nani katika Chama chenu atakayekagua rimu kabla ya kupakwa rangi?
3. Fundi akisema ufa utazibwa kwa rangi, ajibiwe nini?