Vumbi Linalopita Walinzi: Tishu za Njia ya Hewa Chini ya Hadubini

Mkazi wa Usa River huvuta vumbi la aina nyingi: la barabara wakati wa kiangazi, moshi wa kuni jikoni na, kwa wanaokwenda Mirerani kuchimba tanzanaiti, vumbi la mwamba. Mavumbi hayo hayaishii mahali pamoja kifuani. Lipi litatoka na kohozi na lipi litabaki humo maisha yote hutegemea sana ukubwa wa chembe na tishu inayoipokea.

Chembe zenye upana unaozidi mikromita 10, yaani sehemu 10 za elfu za milimita, kwa kawaida hunaswa puani na kooni. Utando wa pua una vinyweleo, ute na mishipa mingi ya damu inayoipasha hewa joto. Wingi wa mishipa hiyo ndio unaofanya pua itoke damu kwa urahisi.

Zinazopita huingia trakea, bomba kuu la hewa, lenye pingili 16 hadi 20 za gegedu zenye umbo la herufi C. Kwa ndani bomba hilo limefunikwa na seli ndefu zilizobanana. Juu ya kila moja ya seli nyingi kati ya hizo mna silia zipatazo mia mbili au zaidi, nyuzi fupi mno zinazopiga kasia zaidi ya mara 10 kwa sekunde. Katikati yake zimo seli zenye umbo la kikombe zinazotoa ute. Vumbi hunata kwenye ute, silia huusukuma juu hadi kooni, nasi huumeza bila kujua. Moshi wa tumbaku hulemaza silia na kuongeza seli za ute; baada ya miaka mingi, seli bapa zisizo na silia huweza kuchukua nafasi yake. Hapo hubaki njia moja tu ya kuusafisha mfereji: kukohoa.

Kadiri mirija inavyogawanyika, gegedu hupungua. Katika bronkioli, ambazo upana wake haufiki milimita 1, halipo tena. Kuta zake zina misuli laini, na kubana kwa misuli hiyo ndiko kunakosikika kama mluzi kwa mgonjwa wa pumu.

Mwisho wa safari ni vifuko vya hewa, mamia ya milioni. Hapa hapana silia wala seli za ute, wala zisingefaa: kati ya hewa na damu pana unene wa takriban nusu mikromita tu. Seli bapa hufunika sehemu kubwa ya ukuta, na seli nene zaidi hutoa majimaji yanayozuia vifuko visisinyae. Mlinzi wa mahali hapa ni makrofeji, seli inayotambaa na kumeza uchafu na vijidudu, ukiwamo wa kifua kikuu.

Vumbi la silika lililo chini ya mikromita 5 hufika huku. Makrofeji huimeza chembe, lakini haiwezi kuisaga. Chembe huipasua seli, huachwa huru, kisha humezwa na nyingine. Kila seli inayokufa hutoa kemikali zinazochochea ujenzi wa nyuzi za kolajeni. Nyuzi hujikunja duara juu ya duara kama maganda ya kitunguu, na ukuta uliokuwa mwembamba hugeuka kovu. Huo ndio silikosisi. Hakuna dawa ya kuliondoa kovu hilo, na kwa kuwa mlinzi amedhoofika, kifua kikuu hupata mwanya.

Kwenye picha ya eksirei magonjwa haya mawili hufanana, na mtu mmoja aweza kuwa nayo yote. Kwa hiyo mhudumu wa afya asitosheke na kuuliza, “Unafanya kazi gani?” Aulize pia kazi zilizopita, kwani silikosisi huweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha machimbo. Picha isitoshe kumwanzishia mgonjwa tena dawa za kifua kikuu; kohozi lipimwe. Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, ina uzoefu mrefu wa kuhudumia magonjwa ya kifua.

Kwa mchimbaji, kuchoronga mwamba kwa maji hupunguza vumbi hewani. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe hizi. Barakoa ya N95 iliyobana vizuri usoni huzuia nyingi. Aliyekwisha kupata makovu aache tumbaku, apimwe kifua kikuu kikohozi kinapobadilika, na asirudi shimoni.