Bakteria na DNA Ngeni Nyumbani: Maswali Mnayotuuliza

Ni nini hasa kinachofanyika?
Bakteria wengi hubeba plasmidi, yaani viduara vidogo vya DNA vilivyo nje ya vinasaba vyao vikuu. Plasmidi iliyotiwa jeni ya kiumbe kingine ikichanganywa na bakteria waliolowekwa kwenye chumvi ya kalisi na kupozwa kwa barafu, kisha wakapashwa joto ghafla, wachache huipokea. Kwa njia ya aina hii bakteria hutengeneza insulini ya binadamu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1982.

Tunasikia mtu anaweza kuzusha ugonjwa mpya jikoni. Ni kweli?
Hofu hiyo inaeleweka. Lakini E. coli K-12, aina ya kufundishia, imekaa maabara miaka mingi hata haistawi vizuri tumboni mwa mtu, na kuipa jeni ya yavuyavu ili ing'ae kijani hakuigeuzi ugonjwa. Hatari ya karibu zaidi ni kutojua umeshika nini: mwaka 2017, wakaguzi wa Bavaria, Ujerumani, walipima vifurushi vya kujifunzia kutoka Marekani wakakuta bakteria wanaoweza kudhuru watu, ambao hawakupaswa kuwamo.

Kwa nini mnasisitiza antibiotiki?
Plasmidi nyingi hubeba pia jeni ya usugu dhidi ya dawa kama ampisilini, ili waliopokea DNA wabaki hai na wengine wafe. Bakteria huweza kupeana jeni za namna hiyo, nasi tayari tuna wagonjwa wasiosikia dawa. Kwa hiyo sahani ya kuoteshea isiende jaani wala sinkini kabla ya kuuliwa vijidudu kwa mvuke wa shinikizo wa nyuzi 121. Sufuria ya presha isiyo na kipimo haikupi uhakika huo.

Nikifanyia chumbani kwangu, nahitaji kibali?
Ndiyo. Nchini Kenya, Sheria ya Usalama wa Viumbe ya 2009 inadai idhini ya maandishi hata kwa kazi isiyotoka nje ya chumba. Ukinyimwa, una haki ya kukata rufaa. Mwanafunzi aombe nafasi katika maabara ya chuo yenye kibali.

Kimiminika kikimwagika?
Kifunike kwa karatasi iliyolowa dawa ya klorini, subiri, kisha ufute ukiwa na glavu na unawe kwa sabuni. Kikiingia jichoni au kwenye kidonda, suuza kwa maji mengi, nenda kituo cha afya na utaje ulichokuwa ukikishika. Maelezo hayo humsaidia daktari kuchagua dawa.