Jeshi Halivuki Mpaka Bila Bunge

Rais wa Kenya ndiye Amiri Jeshi Mkuu, na wengi wetu hudhani cheo hicho chatosha: akitaka kupeleka askari nchi ya watu, anaamuru na magari yanaondoka. Katiba ya 2010 haikumpa uhuru huo. Kifungu cha 132 kinamruhusu kutangaza vita kwa idhini ya Bunge tu. Lakini siku hizi ni nadra serikali kutangaza vita waziwazi. Majeshi hupelekwa kulinda amani, kusaidia jirani, kusaka magaidi. Kwa hiyo kifungu ambacho mzazi au mke wa mwanajeshi anapaswa kukijua ni cha 240.

Kifungu hicho ndicho kilichounda Baraza la Usalama wa Kitaifa, ambalo mwenyekiti wake ni Rais. Ndani yake wamo Naibu wa Rais, mawaziri wa ulinzi, mambo ya nje na usalama wa ndani, Mwanasheria Mkuu, Mkuu wa Majeshi, mkuu wa ujasusi na Inspekta Jenerali wa Polisi. Sehemu ya 8 ya kifungu hicho inasema Baraza linaweza kupeleka vikosi nje ya Kenya, kwa ulinzi wa amani au kwa operesheni nyingine, likipata idhini ya Bunge. Majeshi ya kigeni yakitaka kuja kwetu, idhini ni lazima vilevile. Operesheni ipewe jina lolote, wajibu wa kwenda Bungeni haufutiki. Na Bunge, kwa kifungu cha 93, ni Bunge la Taifa pamoja na Seneti. Kwa hiyo seneta wako naye ana la kujibu.

Tatizo letu ni kwamba Bunge huletewa jambo likiwa limeshaiva. Oktoba 2011, baada ya watalii na wafanyakazi wa misaada kutekwa nyara Lamu na Dadaab, mawaziri George Saitoti na Yusuf Haji walitangaza kwamba Kenya itawafuata wapiganaji wa kundi la Al-Shabaab ndani ya Somalia. Walitaja haki ya kujilinda iliyomo katika kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Wanajeshi wakavuka mpaka katika operesheni ya Linda Nchi. Kura ya Bunge ya kuwaingiza katika kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM, ilikuja Desemba. Kifungu cha 51 kinaipa Kenya jibu mbele ya mataifa mengine. Kwa Mkenya, jibu linalotakiwa ni lile la Katiba yake mwenyewe.

Novemba 2022 hali ilifanana na hiyo. Rais William Ruto aliwakabidhi bendera wanajeshi zaidi ya 900 waliokuwa wakienda mashariki mwa Kongo, na Bunge la Taifa likapitisha hoja wiki iliyofuata. Sheria inataka idhini itangulie, na ina sababu. Mbunge anayepiga kura baada ya bendera kukabidhiwa atawezaje kusema hapana? Ataonekana anawasaliti vijana waliokwisha kuagwa.

Uganda imeliandika jambo hili kwa uwazi zaidi: Rais anahitaji theluthi mbili ya wabunge wote ili atangaze vita, na akilazimika kuanza bila wao, lazima aombe idhini ndani ya saa 72. Tanzania, kwa Ibara ya 44, inamwacha Rais atangaze kwanza, kisha Bunge liitishwe ndani ya siku 14 kujadili kama litaunga mkono. Kifungu chetu cha 240 hakina nafasi ya namna hiyo ya kuanza kwanza na kuomba baadaye. Pengo lake liko mwishoni: hakisemi idhini inadumu muda gani. Somalia, AMISOM ikawa ATMIS mwaka 2022, kisha AUSSOM mwaka 2025, na Wakenya bado wako huko. Naamini kila idhini ingepaswa kuwa na tarehe ya mwisho, na Bunge lina uwezo wa kuiweka.

Usidhani basi kwamba kura ya Bunge ikishapita hakuna la kufanya. Novemba 2023 Bunge la Taifa liliidhinisha polisi 1,000 waende Haiti. Mwanasiasa Ekuru Aukot na wenzake walikuwa wameshakwenda kortini kupinga mpango huo. Januari 26, 2024, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akaamua kuwa Baraza la Usalama wa Kitaifa lina mamlaka ya kupeleka jeshi, si polisi. Polisi huenda kwa Sheria ya Huduma ya Polisi, tena katika nchi iliyo na makubaliano nasi ya kusaidiana. Serikali ikalazimika kutia saini mkataba na Haiti Machi 1, na polisi wa kwanza wakatua Port-au-Prince Juni 25. Walikwenda, ndiyo, lakini serikali ilikuwa imelazimishwa kutafuta msingi wa kisheria.

Wewe usiye wakili una njia pia. Kifungu cha 119 kinakupa haki ya kuwasilisha ombi Bungeni kupitia kwa Karani. Liandike kwa Kiswahili ukitaka, hata kwa mkono, kwa lugha ya heshima, na ueleze kama umejaribu kulitatua jambo kwingine. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari: andika kwa ofisi husika uulize gharama, muda na fidia ya familia za watakaofariki. Huhitaji kueleza kwa nini unataka kujua, na jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Mipango ya mapigano hutapewa, maana sheria inalinda siri za usalama. Ukinyimwa yasiyo siri, una siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Na kifungu cha 258 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani akiona Katiba imekiukwa au inatishiwa. Usingoje jeneza lifike.

Ukisikia kuna hoja ya kupeleka askari nje, wapigie mbunge na seneta wako kabla ya kura, uwaulize askari hao wanakwenda wapi, kwa sheria gani, na watarudi lini.