Kunyamaza Kabla ya Kusimama: Istilahi za Kuhamisha Mashine Pepe

Utangulizi

Kona Baridi iko kando ya barabara ya Magadi katika Kaunti ya Kajiado, mbele ya Kiserian, mahali ambapo Vilima vya Ngong hukoma na ardhi ikaanza kuteremka kuelekea Bonde la Ufa. Msafiri atuaye hapo kula nyama choma huweza kulipa kwa simu, na fedha zake hupitia tarakilishi asizoziona. Aprili 2015, mitambo ya M-Pesa, huduma iliyoanza nchini mwaka wa 2007, ilihamishwa kutoka Ujerumani hadi Kenya. Wakati wa uhamisho huo huduma ilisimamishwa kwa saa kadhaa, na wateja walikuwa wamearifiwa mapema.

Je, kazi ya tarakilishi yaweza kuhamishwa bila mtumiaji kuhisi? Kwa mashine pepe yawezekana, mradi vifaa vyake visimamishwe salama. Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo linavyofanyika, na yanadai kwamba neno moja, kusimamisha, halitoshi kulieleza.

Dhana ya Mashine Pepe

Kwa mkulima, pepe ni punje isiyo na kitu ndani. Katika barua pepe, neno hilo limepewa maana ya kielektroniki. Katika mashine pepe lina maana ya tatu: kitu kisichoshikika ambacho hufanya kazi ya kitu halisi. Mashine pepe ni tarakilishi iliyoundwa kwa programu ndani ya tarakilishi nyingine. Ina kichakataji, kumbukumbu, diski na kadi ya mtandao, vyote vikiwa pepe. Kwa hivyo, si punje tupu.

Uhamisho Hai

Mwaka wa 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzao walieleza namna ya kuhamisha mashine pepe ikiwa kazini, kwa kutumia programu ya Xen. Kurasa za kumbukumbu hunakiliwa hadi seva mpya huku mashine ikiendelea kufanya kazi. Kurasa zinazobadilika hunakiliwa tena na tena hadi zinazosalia ziwe chache. Hapo ndipo mashine husimamishwa, salio likanakiliwa, na kazi ikaendelea upande wa pili. Katika jaribio lao moja, seva ya mchezo wa tarakilishi ilisita kwa milisekunde 60 tu.

Hatari Iliyo katika Vifaa

Kichakataji kikisimama, haina maana kuwa vifaa vimesimama. Kadi ya mtandao huweza kuandika moja kwa moja katika kumbukumbu bila kupitia kichakataji. Ikiandika baada ya ukurasa kunakiliwa mara ya mwisho, data hiyo hubaki nyuma, na mashine huamka ugenini ikiwa na pengo isilolijua. Diski nayo huenda ikawa na maombi yaliyopokelewa lakini hayajakamilika. Ndiyo sababu programu ya QEMU husimamisha vichakataji, ikaviarifu vifaa, kisha ikangoja maombi ya diski yaishe. Aidha, mashine ya zamani na mpya hazipaswi kuwa kazini kwa wakati mmoja, kwani zote mbili zingeandika katika diski moja na kuiharibu. Uhamisho ukishindwa kabla ya mpya kuanza, ya zamani huamshwa pale pale.

Kunyamaza na Kusimama

Ugumu huzidi pale ambapo mashine pepe imekabidhiwa vifaa halisi vinavyowasiliana vyenyewe kwa vyenyewe. Tuchukue mfano wa hoteli ya nyama choma inayofungwa ili ihamie jengo jingine. Mchomaji akifunga jiko kwanza, mhudumu aliye ukumbini bado ataleta agizo, na agizo hilo litapotea. Mhudumu akiondoka kwanza, nyama iliyoiva itakosa wa kuipokea. Hakuna mpangilio wa mmoja baada ya mwingine ulio salama. Dawa ni hatua mbili: kwanza wote waache kutuma jambo jipya, lakini waendelee kupokea lililokwisha kutumwa, pili, njia zikiwa tupu, wote wafunge.

Kiini cha Linux, toleo la 5.18 la mwaka wa 2022, kiliweka hali ya kati ya namna hii. Katika hali hiyo kifaa hakianzishi mawasiliano mapya na vifaa vingine, ila hupokea yanayokifikia. Kiswahili kina neno tayari: anayenyamaza hasemi, lakini angali anasikia. Kwa mantiki hii, istilahi tatu zapendekezwa. Kunyamazisha ni kuzuia kifaa kuanzisha bila kukizuia kupokea. Kusimamisha ni kukomesha yote huku hali ya kifaa ikihifadhiwa. Kuzima ni kukomesha bila kuhifadhi hali hiyo.

Hitimisho

Fundi anayeambiwa asimamishe, naye akazima, hupoteza kazi ya watu. Anayesimamisha kabla ya kunyamazisha huweza kupoteza sehemu yake, na hasara hiyo huenda isionekane mara moja. Ni dhahiri basi kwamba mwanaistilahi hana budi kuelewa utendaji wa kitu kabla ya kukipa jina.

Maswali

1. Tofautisha maana tatu za neno pepe zilizotajwa.
2. Je, kutuliza laweza kuchukua nafasi ya kunyamazisha? Jadili.