MADOA YA JUA: TUYAFUATE BILA KUUMIZA MACHO

Jua hili tunaloanikia mahindi lina madoa meusi. Ni mahali ambapo nguvu ya sumaku huzuia joto lisipande kutoka ndani. Uso wa jua una joto la digrii 5,500 hivi. Penye doa joto hupungua, basi panaonekana peusi. Padre Mjesuiti Christoph Scheiner aliyachora huko Ujerumani tangu 1611.

Kwa nini yana nambari?

Jua hujizungusha. Doa huingia ukingo mmoja, huvuka kwa wiki mbili hivi, halafu hupotelea ukingo wa pili. Tangu 1972 idara ya Marekani iitwayo NOAA hulipa kila kundi la madoa nambari yake. Likizunguka nyuma na kurudi, hupewa nambari nyingine, kama mgonjwa anayerudi zahanati akaandikwa upya kitabuni.

Mei 2024 kundi 13664 lilikuwa na upana wa kama dunia 15 zikipangwa mstari. Lilileta dhoruba ya sumaku iliyo kali kuliko zote tangu 2003. Baadaye likarudi likiitwa 13697, tena 13723. Kumbe ni lile lile! Nambari peke yake haitoshi. Anayeweka daftari la mahali na tarehe ndiye anayelitambua.

Namna ya kuweka daftari

1. Usilitazame jua kwa macho, wala kwa darubini. Miwani ya jua, kioo chenye masizi na picha ya eksirei havikingi. Jicho huungua ndani bila maumivu, na huenda lisipone.

2. Azima darubini ya macho mawili, kama zile za kutazamia ndege katika Msitu wa Kakamega. Ziba upande mmoja kwa kadibodi.

3. Lenzi kubwa zielekee jua, nawe ulipe jua mgongo. Usichungulie, sogeza mpaka kivuli cha darubini kiwe kidogo kabisa. Picha ya jua itaanguka kwenye karatasi nyeupe, mita 1 kutoka darubini, upana sentimita 7 hivi.

4. Chora duara, tia madoa mahali pake, andika tarehe. Fanya hivyo kila siku saa tatu asubuhi, maana huku kwetu mvua hupenda kuja alasiri.

5. Pumzisha darubini kila baada ya dakika chache, isipate moto. Mtu mzima asiondoke hapo hata kidogo. Mtoto mmoja akichungulia mara moja, inatosha kumharibia jicho.

Maswali ya kikundi

• Doa letu limesogea kiasi gani kwa siku tatu?
• Likipotea leo ukingoni, tulitafute tena baada ya siku ngapi?
• Nani katika kijiji chetu bado anatazama jua kwa kioo chenye masizi, na tutamwelezaje?