Simu ya michezo kwa dola 150

SWALI: Naishi Lwiro, nina dola 150 za kununua simu ya kuchezea Free Fire. Muuzaji wa Bukavu amenionyesha moja yenye “RAM 16”. Niichukue?

JIBU: Ngoja kwanza, ndugu yangu. Hiyo 16 mara nyingi ni 8 za kweli na 8 zilizoazimwa kwenye hifadhi, ambayo ni ya polepole kuliko RAM. Mchezo haupati nguvu hapo.

Uliza jina la chipu, maana ndiyo inayoendesha mchezo. Helio G85 ya 2020 na Helio G99 ya 2022 zote zina viini vinane, kwa hiyo usidanganyike na hesabu ya viini. G85 imetengenezwa kwa nanomita 12, G99 kwa 6: inafanya kazi zaidi huku ikila chaji kidogo. Umeme ukikatika jioni, utaona faida yake.

Mimi ningechukua G99 yenye RAM 8 za kweli, hata kama imetumika, kuliko G85 mpya. Ila kagua mgongo, betri isiwe imevimba. Kisha cheza nusu saa hapo hapo dukani. Ikichemka na picha zikaanza kukwama, mrudishie.